Shajara ya mradi: kuhesabu ndege wa majira ya baridi katika nyika na msitu wa Arne, Dorset

Arne iko upande wa magharibi wa Bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Inasimamiwa na RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, na tangu 2020 imeingizwa katika Purbeck Heaths, hifadhi ya taifa yenye hekta 3,331. Mtu akitembea saa moja tu anapita msitu wa mialoni, misonobari, nyika ya hedha (Calluna vulgaris) na gosi (Ulex europaeus, kichaka cha miiba chenye maua ya manjano), kisha anatokea kwenye matope ya chumvi. Kwa mwanafunzi wa ndege ni mahali pazuri kuliko pengi tunapopajua nchini humu.

Lengo la mradi ni hesabu moja inayorudiwa kwa njia ileile, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Februari, iandikwe vizuri kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuichukua akaiendeleza bila kutuuliza. Ndege mkuu ni Curruca undata, anayeitwa hapa kwa jina la mji wa Dartford. Humu tutamwita Dartford tu. Ndege wengine wasio na jina la Kiswahili lililozoeleka tumewaandika kwa Kilatini ili msomaji awatafute mwenyewe. Kazi yote inafanyika kwenye njia za wageni. Hatuingii vichakani.

5 Oktoba. Njia na vifaa

Njia ina urefu wa kilomita 2, sehemu 10 za mita 200. Kila mpaka wa sehemu una alama kwenye GPS ya simu, na pia kitu kisichohama: kibao, mwaloni uliopinda, kona ya uzio. GPS peke yake haitoshi, kwa sababu simu huzima ghafla kwenye baridi hata ikiwa na chaji. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mgawanyo huu tumeuazima kwenye hesabu ya ndege wanaozaliana ya BTO (shirika la Uingereza la utafiti wa ndege), ambayo pia huandika umbali wa ndege kutoka njiani: chini ya mita 25, mita 25 hadi 100, na zaidi ya 100.

Darubini ya kwanza ilikuwa ya pauni 35. Iliingia ukungu kwa ndani asubuhi ya kwanza yenye unyevu na haikukauka hadi jioni. Sababu ni kwamba darubini za bei hiyo mara nyingi hazijazibwa wala kujazwa naitrojeni, kwa hiyo hewa yenye unyevu hupenya hadi nyuma ya lenzi, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Tumenunua ya mtumba, 8x42 (ukuzaji mara 8, lenzi ya mbele ya milimita 42), iliyozibwa, kwa pauni 130. Usishawishike na 10x42 kwa kazi hii. Mikono inayotetemeka kwa baridi hutetemesha picha zaidi kadiri ukuzaji unavyoongezeka, na mwanga wa Desemba ni hafifu: 42 ukigawanya kwa 8 unapata duara la mwanga la milimita 5.25 linalofika jichoni, ukigawanya kwa 10 unapata 4.2. Kwenye gosi, ambako ndege huonekana kwa sekunde mbili kisha akazama, upana wa uwanja wa kuona una faida kuliko ukuzaji.

Vingine: daftari mbili za karatasi isiyolowa (pauni 14), penseli (2, wino wa kalamu haushiki kwenye karatasi yenye umande), vihesabio viwili vya kubonyeza kwa kidole (10), jedwali la maji kujaa na kupwa (3).

26 Oktoba. Hesabu ya alfajiri imeshindwa

Mpango wa kwanza ulikuwa kuanza nyikani mara tu jua linapochomoza, kama ilivyo kawaida ya kazi ya ndege kwetu Afrika Mashariki, ambako saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya kelele na saa nne kila kitu kimenyamaza. Kwenye nyika ya hapa majira haya mambo ni kinyume. Sehemu ya 4 hadi ya 8, yaani nyika yote, zilitoa karatasi karibu tupu: kunguru wakipita juu, na ndege mmoja mmoja akiita bila kuonekana.

Sababu iko kwenye chakula. Dartford ana uzito wa gramu 10 hivi na hula wadudu na buibui majira yote. Asubuhi ya baridi chakula hicho kimeganda kwa kutulia ndani kabisa ya gosi, naye anakifuata hukohuko ndani, chini. Jua likishapasha upande wa kusini-mashariki wa kichaka, buibui wanaanza kusogea na ndege anapanda juu.

Ratiba mpya: msituni kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, nyikani saa nne hadi saa sita, matope kwa kufuata maji na si kwa kufuata saa. Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika chache na kuzama saa kumi na dakika chache jioni, kwa hiyo siku nzima ya kazi ina saa nane tu, na ratiba isiyopangwa hivi inakula saa bora zote.

9 Novemba. Upepo, jua, na maana ya sifuri

Hili ndilo jambo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote, na ndilo tungependa anayeiga aanze nalo.

Hesabu mbili za nyika zilizofuatana zilipishana kabisa: moja ikiwa na Dartford katika sehemu nne, nyingine ikiwa na sifuri kila mahali. Ndege hawakuhama. Tofauti ilikuwa upepo. Siku ya kwanza moshi ulikuwa ukipanda karibu wima. Siku ya pili vitawi vya mibetula (miti ya Betula) vilitikisika bila kukoma, yaani nguvu ya 3 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort. Ndege mwenye mkia mrefu na mabawa mafupi hawezi kukaa juu ya kichaka kinachoyumba, na hata akiita huwezi kumsikia.

Kwa hiyo tumeweka mpaka: nguvu ya 3 kwenda juu, nyika haihesabiwi. Na karatasi ya kazi imeongezwa safu ambazo lazima zijazwe kabla ya ndege yeyote kuandikwa: saa ya kuanza na kumaliza, upepo, jotoridi, umande au barafu, mawingu kwa sehemu za nane, hali ya maji, na idadi ya mbwa waliokuwa njiani. Safu ya mwisho inasema ndege aligunduliwa kwa kusikika au kwa kuonekana. Sasa kuna alama mbili tofauti: "0" maana yake tulihesabu katika hali inayofaa na hakuonekana; mstari "–" maana yake hatukuhesabu. Daftari nyingi za kujitolea tulizowahi kuziona zinachanganya hivi viwili, na miaka kumi baadaye hakuna anayeweza kusema kama ndege walipungua au kama siku ilikuwa mbaya. Sifuri isiyo na hali ya hewa pembeni yake haina kazi.

Jua lilikuwa tatizo la pili. Kwenye latitudo hii mwezi Desemba, hata adhuhuri jua halizidi nyuzi 18 juu ya upeo. Njia ilipangwa kuelekea kusini-mashariki, kwa hiyo kila ndege wa nyikani alikuwa kivuli cheusi. Tumeigeuza: tunaanza mwisho wa kusini-mashariki na kutembea jua likiwa mgongoni. Rangi zimerudi. Namba za sehemu hazikubadilishwa, zinasomwa kutoka 10 kurudi 1, ili karatasi za Oktoba zisipoteze maana.

23 Novemba. Namna ya kumpata Dartford

Tafuta kwanza Saxicola rubicola, ambaye wapenzi wa ndege hapa humwita stonichati. Huyu hajifichi: anasimama kwenye ncha ya gosi, kifua cha rangi ya machungwa iliyoiva, akigonga sauti ya kokoto mbili. Mara kwa mara Dartford humfuata kichaka kwa kichaka, kwa sababu stonichati huangalia hatari kutoka juu na kuipigia kelele mapema. Kanuni tunayoitumia: ukimwona stonichati, simama dakika tano, na elekeza darubini mita moja chini yake.

Kinachotokea huwa hivi. Kichaka kinatikisika kidogo ndani, bila upepo. Sauti kavu ya kukwaruza inatoka, fupi, yenye kuchukia. Kisha ndege mdogo anapanda kwa vituo, tawi la miiba kwa tawi la miiba, mkia umesimama. Kichwa kijivu cha lami, kifua chekundu cha divai chenye vitone vyeupe kooni, na pete nyekundu kuzunguka jicho. Anageuka mara mbili, anadondoka, anaruka chini kwa chini hadi kichaka cha pili. Hesabu hapo tu. Ukimfuata utamhesabu mara tatu kama ndege watatu.

Kucheza sauti yake kwenye simu ili ajitokeze tumeikataa moja kwa moja. Ndege wa gramu 10 mwenye saa nane za mwanga anahitaji karibu zote kula. Kila dakika anayotumia kufukuza adui asiyekuwepo anailipa usiku. Isitoshe hesabu inaharibika, kwa sababu umewavuta ndege kutoka sehemu jirani.

7 Desemba. Makundi ya msituni

Majira ya baridi ndege wadogo wa msituni hawakai mmoja mmoja. Aegithalos caudatus, aina mbalimbali za Parus na jamaa zake, Regulus regulus, na Certhia familiaris anayepanda magome, hutembea pamoja. Waliowahi kufanya kazi msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, wanayajua makundi ya namna hii: nusu saa msitu uko kimya, kisha ndege wote wanapita juu yako kwa dakika mbili.

Kuhesabu ukiwa ndani ya kundi hakukufaulu. Watu wawili walitoa namba zilizopishana kwa karibu nusu, kwa kuwa ndege wanarudi nyuma na kuvuka juu ya vichwa. Tulichofanya ni kutafuta upenyo, mahali ambapo njia pana au mfereji unakata miti, na kusubiri mbele ya kundi. Ndege hawa hawapendi uwazi. Huuvuka mmoja baada ya mwingine, kwa mstari. Mtu wa kwanza anabonyeza kihesabio kila anapovuka ndege, haangalii aina. Wa pili anataja aina za wale anaoweza, mwenzake haziandiki hadi kundi limalize. Baadaye jumla inagawanywa kwa uwiano wa aina zilizotambuliwa, na karatasi inaonyesha wazi ni wangapi walitambuliwa na wangapi wamegawanywa. Tofauti kati ya wahesabuji imeshuka hadi ndege mmoja au wawili kwa kundi.

Kwenye vichaka vya mwiba wa Ilex, usiridhike na Regulus regulus. Ndugu yake Regulus ignicapilla yupo Dorset majira ya baridi; tazama mstari mweupe juu ya jicho. Ukiuona, ni yeye.

21 Desemba. Kituo cha kulishia

Hakiko hifadhini. Kiko kwenye bustani ya mwenzetu mjini Wareham, na kusudi lake ni kuwazoeza wahesabuji wapya kuwatofautisha Spinus spinus na Acanthis kwa karibu kabla ya kuwatafuta juu ya mibetula, wanakoning'inia kichwa chini mita 15 kutoka ardhini.

Kwa kusudi hilo kimeshindwa hadi sasa. Wanaokuja ni Parus major na wenzake. Spinus hawaji bustanini maadamu mbegu za mibetula na misonobari bado zipo. Huja mwisho wa baridi, hasa siku za mvua, ambapo koni zimejifunga. Kwa hiyo anayeiga asitegemee kituo kabla ya Februari. Mafunzo tumeyahamishia kwenye sauti: Spinus huita kwa mluzi unaoshuka, Acanthis kwa mgongano wa haraka, mkavu.

Gharama: kilishio cha bomba pauni 16, gunia la kilo 12 za alizeti iliyomenywa 26, brashi 4, dawa ya kusafishia 7. Mambo mawili yaliharibika. Alizeti iliyojazwa hadi juu ilishika unyevu ikaota ukungu chini ya bomba. Sasa inawekwa ya siku mbili tu. Na kindi wa kijivu waliruka kutoka kwenye shina. Kilishio kimehamishwa mita 3 kutoka kwenye mti, kwenye nguzo ya chuma yenye koni ya bati katikati, lakini mita 2 tu kutoka kwenye kichaka kizito ambamo ndege hujificha Accipiter nisus, mwewe anayewinda ndege wadogo, anapopita.

Usafi si jambo la hiari. Ugonjwa wa trikomona, unaoenea kwa mate kwenye chakula na maji, umewapunguza sana Chloris chloris Uingereza tangu 2005. Kila wiki: mwaga kilichobaki, sugua, tia dawa, suuza, kausha kabisa, rudisha mahali tofauti na pa awali. Ukimwona ndege aliyevimba manyoya, anayemeza kwa shida na haruki mtu akimkaribia, ondoa chakula chote kwa majuma kadhaa ili watawanyike.

11 Januari. Matope

Kutoka nyika ya Coombe unaona mkondo wa Middlebere. Hapa kuna Recurvirostra avosetta, mweupe na mweusi, mdomo umepinda juu, yuleyule ambaye wasomaji wa Kenya wanamfahamu kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Na domomwiko weupe (Platalea leucorodia), ambao Poole ni mahali pao pakubwa pa kukaa baridi nchini.

Tulipofika maji yamejaa hapakuwa na cha kuhesabu: matope yakifunikwa, ndege wengi wanakwenda kupumzika kwenye ziwa la kisiwa cha Brownsea, humohumo bandarini. Fika maji yanapotoka. Ila usipige hesabu ya saa sita za kupwa kama ulivyozoea pwani ya Mombasa au Tanga. Poole ina maji kujaa mara mbili: yakifika juu yanashuka kidogo, yanapanda tena, na matope hubaki yamefunikwa kwa saa kadhaa. Pia tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, haifiki mita 2 hata bamvua, hivyo shinikizo kubwa la hewa au upepo wa siku nyingi unatosha kulivuruga jedwali. Tunaangalia matope yenyewe: sehemu inahesabiwa pale ukanda wa matope unapokuwa mpana kuliko maji yaliyobaki mkondoni.

Teleskopu tumeazima. Kwenye upepo, kunja miguu ya chini ya tripodi, tundika begi katikati, na keti. Picha inatulia.

25 Januari. Barafu

Barafu imeshika usiku kadhaa mfululizo. Hesabu ya nyika imesimamishwa kwa makusudi na karatasi imewekewa mistari. Baridi kali ndiyo hatari kubwa ya Dartford: baada ya majira ya baridi ya 1962–63 walibaki takriban jozi kumi nchini kote. Walipanda tena hadi maeneo 3,200 hivi mwaka 2006, kisha baridi za 2009 na 2010 zikawarudisha chini. Kinachoua zaidi ni theluji inayofunika gosi na kuwazuia kuingia chini ya kichaka. Gosi nene, isiyokatwa yote kwa mara moja, ndiyo ghala lao, na ndiyo maana safu ya "urefu wa gosi" imeongezwa leo kwa kila sehemu: chini ya goti, hadi kifuani, zaidi ya kichwa.

Kwenye madimbwi yaliyoyeyuka kando ya misonobari, subiri Loxia curvirostra. Mbegu za misonobari ni kavu, nao hushuka kunywa mara kwa mara. Maji yaliyo wazi siku ya barafu yanafaa kuliko kuzunguka msitu mzima shingo ikiwa juu.

15 Februari. Kipozamataza ameanza

Lullula arborea, kipozamataza wa miti, anaimba juu ya nyika asubuhi tulivu. Mkia mfupi, nyusi nyeupe zinazokutana kisogoni. Spinus nao wamefika kwenye kilishio siku za mvua, kama ilivyotarajiwa; gunia la pili la alizeti limenunuliwa (26), na mafunzo ya karibu sasa yanaendelea.

Kuanzia hapa kasi inabadilishwa. Sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kumsumbua Dartford, Lullula au Loxia akiwa kiotani, na Loxia anaweza kuwa na kiota tangu Januari. Tukiona ndege amebeba kijiti au chakula, hatusimami. Tunaandika sehemu na kuendelea. Alama za GPS za ndege hawa haziwekwi hadharani.

Pia kupe: Arne ina paa wengi aina ya sika, na siku ya vuguvugu kupe huamka hata baridi haijaisha. Suruali iingie ndani ya soksi, na kagua nyuma ya magoti ukifika nyumbani.

1 Machi. Kufunga msimu

Hesabu imefungwa. Leo pia, kwenye ardhi ya wazi yenye haki ya kupita, ndipo inapoanza sharti la mbwa kufungwa kamba fupi, hadi 31 Julai.

Karatasi za Oktoba, kabla ya safu za upepo na mawingu, zimetengwa. Hazitaingia kwenye ulinganisho. Zimehifadhiwa tu kama orodha ya aina. Zilizobaki zimeingizwa BirdTrack, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za ndege, kama orodha kamili, maana orodha kamili huuambia mfumo pia aina gani hazikuonekana.

Jumla ya matumizi bila nauli: pauni 273. Anayeanza leo akiacha darubini ya 35 na akaahirisha alizeti hadi Februari atatumia chini ya 215. Nauli ni treni hadi Wareham, kisha baiskeli kilomita 6 hivi kwenye barabara nyembamba; taa ya mbele na ya nyuma ni lazima.

Hatua inayofuata ni Mei, kuhesabu virukanjia (Caprimulgus europaeus) kwa sauti jioni kwenye njia hiihii. Vifaa vya kufuatilia vimeonyesha kwamba wa Uingereza hukaa miezi ya baridi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye nyasi na vichaka. Wasomaji wa huko wanaosikia au kuona virukanjia kati ya Novemba na Februari wanaweza kutumia karatasi yetu kama ilivyo: wafute safu ya maji na ya barafu, waongeze ya moto wa nyika na ya mwezi, kwa sababu virukanjia huwinda zaidi usiku wenye mbalamwezi na sifuri ya usiku wa giza itahitaji maelezo yake.